Dondoo muhimu: Kutambua tamathali za semi
Msomaji atakaye kuzitambua tamathali na aanze kwa kutafuta maneno ya kulinganisha, yaani ‘mithili ya’, ‘mfano wa’ na ‘kana kwamba’, kwani hayo ndiyo alama za tashbihi. Yakikosekana, na kitu kimoja kikaitwa kingine waziwazi, hiyo ni sitiari. Tashihisi haina taabu: bahari ikighadhibika, umekwisha kuiona. Kinaya ndicho kigumu, maana maneno husifu ilhali muktadha walaumu, na aghalabu wanafunzi hukipita bila habari. Istiara nayo haikai katika sentensi moja, bali hutanda kisa kizima, na mfano wake bora ni ile nchi ya angani katika Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951. Basi isome hadithi yote kabla ya kuifasiri.