Matumbawe Yanapodhoofika Tangini: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Matumbawe ni wanyama hai, si mawe wala mapambo. Mengi kati yake huhifadhi mwilini mwani mdogo mno, ambao hutumia mwanga kumtengenezea mwenyeji wake chakula. Yanaposinyaa au kupoteza rangi, walaji wengi hukimbilia dukani kununua chupa ya dawa. Tunawashauri wapime maji kwanza, kwani chanzo mara nyingi kimo katika maji au mwanga, na dawa isiyolenga chanzo hupoteza fedha na huweza kuharakisha kifo.

Kutambua dalili

Tumbawe lililopauka huwa jeupe kwa kuwa limepoteza mwani wake, lakini nyama yake bado hufunika kiunzi. Tumbawe hilo lingali hai, na laweza kupona chanzo kikiondolewa mapema. Nyama ikibanduka na kuacha kiunzi kitupu, sehemu hiyo imekufa.

Hatua za uchunguzi

1. Chumvi. Kiwango cha bahari ni takriban gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Maji yanapokauka, chumvi hubaki tangini. Kwa hiyo fidia upungufu huo kwa maji safi yasiyo na chumvi. Maji ya bomba yenye klorini yasitumike kabla ya kusafishwa.

2. Joto. Lidumishwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Linganisha vipimajoto viwili, kwani kimoja chaweza kudanganya.

3. Ualkali, kalsiamu na magnesiamu. Matumbawe magumu hujenga kiunzi kwa madini haya. Ualkali uwe kati ya 8 na 11 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesiamu miligramu 1250 hadi 1350. Ualkali usipandishwe zaidi ya dKH 1 kwa siku. Badiliko la ghafla hudhuru kuliko upungufu mdogo.

4. Mwanga. Taa mpya yenye nguvu zaidi huweza kupausha matumbawe. Anza na mwanga hafifu, kisha uongeze kidogo kidogo kwa majuma kadhaa.

5. Shaba. Baadhi ya dawa za samaki zina shaba, nayo huua matumbawe. Soma lebo kabla ya kumimina chochote.

Andika kila kipimo pamoja na tarehe, na ubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha matatu kwa pamoja, hutajua lipi lililosaidia na lipi lililodhuru.

Tahadhari kwa afya ya familia

Baadhi ya matumbawe laini yenye umbo la vifungo, yaitwayo zoantidi, yana sumu kali ya palitoksini. Usichemshe kamwe mawe yaliyoota matumbawe hayo, wala usiyamwagie maji ya moto au kuyasugua, kwani sumu huweza kusambaa hewani pamoja na mvuke na matone. Vaa glavu na miwani ya kinga unapoyashika. Mtu akipata shida ya kupumua, homa au ladha ya chuma mdomoni baada ya kazi hiyo, watu wote na watoke nje mara moja, apelekwe hospitali, na daktari aelezwe kuhusu matumbawe.

Unaponunua

Kagua tarehe ya mwisho wa matumizi ya vipimia maji, kwani kemikali zilizochakaa hutoa majibu ya uongo. Mwombe muuzaji vipimo vya maji ya tangi lake, na udai risiti inayotaja aina ya tumbawe na asili yake. Matumbawe magumu yanayojenga miamba yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo kuyasafirisha kutoka nchi moja hadi nyingine huhitaji kibali. Muuzaji asiyeweza kueleza bidhaa yake ilitoka wapi, tunakushauri usinunue kwake.