Nyigu wa mikaratusi: kagua mche kabla ya kulipa

Ukiona vichipukizi vya mkaratusi vimejipinda, majani yamekunjamana na mshipa wa katikati umejaa vinundu, usikimbilie dawa ya ukungu. Ndani ya vinundu hivyo mna mabuu ya nyigu mdogo ambaye wataalamu humwita Leptocybe invasa. Asili yake ni Australia. Mwaka 2000 alianza kusumbua nchi za Mediterania, mwaka 2002 akaonekana Uganda na magharibi mwa Kenya, na kufikia 2005 alikuwa ameingia Tanzania.

Usihangaike kumtafuta nyigu mwenyewe. Urefu wake ni milimita moja na ushei, na anaishi siku chache tu. Soma vinundu. Wiki moja au mbili baada ya mayai kutagwa, utaona kovu la kahawia kwenye kikonyo au mshipa wa jani changa. Baadaye panavimba, kijani kinachong'aa, kisha waridi, kisha wekundu uliofifia. Mwishoni hutokea vitundu kama vya sindano. Ukikuta vitundu, wenyewe wamekwisha kuhama na wanatafuta vichipukizi vingine. Safari nzima, tangu yai litagwe hadi nyigu kutoka, huchukua takriban miezi minne, na joto likizidi hufupika. Ndiyo maana mche huweza kuonekana mzima kitaluni ukaja kuumbuka shambani. Tena jike huzaa bila dume, kwa hiyo miche michache yenye mayai yatosha kuleta balaa.

Basi kazi kubwa ifanyike kitaluni. Geuza majani ya juu, pitisha kidole kwenye vikonyo, na ukihisi vipele acha miche hiyo hapo hapo, hata ukipunguziwa bei. Muulize mwenye kitalu ni aina gani anayouza. Mikaratusi ya camaldulensis na tereticornis hushambuliwa sana, na chotara wa grandis na camaldulensis hutofautiana: baadhi hustahimili, baadhi hudumaa kabisa. Jibu la "ni blugamu tu" halitoshi. Kama shamba lako liko nyanda za chini zenye joto, kuwa mkali zaidi, kwa kuwa huko ndiko nyigu huyu hustawi.

Mwenye kitalu naye atundike mitego ya njano yenye gundi, na miche yenye vinundu aing'oe na kuichoma siku hiyo hiyo. Kuirundika pembeni ni kumpa nyigu muda wa kutoka.

Shambani, kunyunyizia dawa miti iliyokwisha kurefuka ni kutupa fedha. Buu limefunikwa na nyama ya jani, na dawa ya juujuu hailifikii. Itaua wadudu wanaomwinda nyigu, na nyuki wako pia. Afrika Kusini waliamua kumtumia adui wake: mwaka 2012 walianza kuachilia nyigu mwingine, Selitrichodes neseri, ambaye mabuu yake hula yale ya mharibifu.

Wewe palilia, hasa mwaka wa kwanza, maana mche unaogombania maji na magugu hauna nguvu ya kuchipua upya. Ukikata miti, kagua maotea ya visiki mapema. Ni machanga na nyigu huyapenda mno. Mapengo ya miche iliyokufa usiyajaze kwa mikaratusi ile ile. Panda mgrevilea, ambao nyigu huyu hana habari nao.