Breki za Mbele na za Nyuma: Somo kutoka Gari la Mjomba

Nilipoambiwa niandike makala ya gazeti letu la chama, wengi walitarajia shairi au insha ya methali. Mimi nimechagua breki. Msinicheke. Nataka kuonyesha kwamba mambo ya gereji yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili mpaka yakaeleweka. Tena kuna siku nusura tumzike mtoto kwa sababu ya hesabu ambayo haikufanywa.

Mjomba wangu ni fundi wa jua kali mjini Kitale. Alinunua Volkswagen kuukuu, ile ya mgongo wa kobe, iliyokuwa imeliwa na kutu. Gari hilo lina heshima yake hapa Kenya, kwani lilishinda Safari Rally mwaka wa 1954 na tena mwaka wa 1962. Mjomba alilivua bodi lote, akabakiza sakafu, injini na magurudumu, kisha akaliundia bodi lingine la mabati, refu kwenda juu, la kubebea mboga. Kwa wale wasiojua, injini ya gari hilo iko nyuma. Ukifungua mbele unakuta tangi la petroli na nafasi ya mzigo, basi.

Breki za mbele zilikuwa zimekwisha. Mjomba akatafuta diski za gari jingine dogo, lenye injini mbele, akazifunga. Zile za nyuma akaziacha. "Mpwa wangu, sasa hili linasimama kama ukuta," akaniambia. Na kweli, barabarani mjini lilisimama vizuri.

Siku ya mvua tulikuwa tunatoka shambani kwenda Kiminini kwa barabara ya udongo. Binamu yangu wa miaka 9 alikuwa amekaa nyuma juu ya kabeji. Kwenye kona ng'ombe akajitokeza. Mjomba akakanyaga breki, akakata usukani. Lo! Usukani uligeuka lakini gari halikugeuka! Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekwama kabisa, yanateleza tu kama mtelezo wa watoto, nasi tukaenda moja kwa moja hadi mtaroni. Binamu alirushwa nje, akaangukia matopeni. Jiwe kubwa lilikuwa hatua mbili tu kutoka kichwani pake.

Je, kwa nini breki nzuri zilifanya vibaya? Jibu tulilipata kwa mzani wa kupimia magunia ya mahindi. Tulipima gurudumu moja moja, mengine matatu tukayainua kwa mbao ili gari lisiinamie upande. Mjomba alikaa kwenye usukani. Kilo zote zilikuwa 810, yaani magunia 9 ya kilo 90. Mbele kulikuwa na magunia 3 na nusu, nyuma 5 na nusu.

Hapo ndipo penye siri. Gari likiwa limesimama, uzito umekaa hivyo. Ukishika breki, uzito unahamia mbele. Umeona abiria wa matatu wanavyoinama dereva akifunga breki ghafla? Gari nalo huinama. Kiasi kinachohama hupatikana kwa kuzidisha uzito wa gari, kasi inayopunguzwa kila sekunde, na kimo cha kitovu cha uzito, kisha unagawanya kwa umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Umbali huo kwa Volkswagen hii ni mita 2.4. Kimo tulikikadiria kuwa mita 0.6, maana bodi la mjomba ni refu. Kwenye lami kavu, ukipunguza mita 6.6 kwa sekunde kila sekunde:

810 × 6.6 × 0.6 ÷ 2.4 = newtoni 1,336.5

Hiyo ni kama kilo 136, gunia moja na nusu. Kwa hiyo mbele panakuwa na magunia 5, nyuma 4. Lakini kwenye matope huwezi kupunguza kasi namna hiyo. Huhama nusu gunia tu, na mbele panabaki 4, nyuma 5.

Tuliinua gari kwa jeki, tukaikandamiza pedali kwa ubao isicheze, tukazungusha kamba kwenye tairi na kuivuta kwa mzani wa ndoano. Gurudumu la mbele lilianza kuzunguka kwa kilo 50, la nyuma kwa kilo 30. Basi breki zilikuwa 5 kwa 3, huku matopeni uzito ni 4 kwa 5! Mbele palipewa kazi kubwa na uzito mdogo. Gari zilikotoka diski hizo lilikuwa na injini mbele, kwa hiyo huko zilifaa.

Mjomba hapendi kushindwa. Akabadilisha silinda za breki za nyuma, kutoka upana wa milimita 17 hadi 22. Milimita 5, nani angeogopa? Lakini mafuta ya breki husukuma uso wote wa pistoni, na uso hukua kwa mraba wa upana. 22 mara 22 ni 484, 17 mara 17 ni 289. Nguvu ya nyuma ikaongezeka kwa thuluthi mbili: 3 ikawa 5. Sasa 5 kwa 5. Matopeni likawa tamu ajabu. Kwenye lami kavu ya kuelekea Kamukuywa, tukiwa wawili tu na barabara tupu, mjomba akakanyaga kwa nguvu. Magurudumu ya nyuma yakakwama kwanza, na ile injini nzito huko nyuma ikataka kutangulia. Tuligeuka tukatazama Kitale tulikotoka.

Kwa maoni yangu kosa hili la pili ni baya kuliko la kwanza. Mbele pakikwama, ukiachilia pedali kidogo usukani unarudi. Nyuma pakikwama, gari linazunguka kabla hujafikiri.

Mwishowe alifunga silinda za milimita 19. 19 mara 19 ni 361, yaani ile 3 ikawa 3 na robo tatu. Hiyo ni 4 kwa 3, karibu sana na 5 kwa 4 ya lami kavu, ila mbele panatangulia kidogo kukwama, na ndivyo tulivyotaka. Matopeni bado lina upungufu wake, lazima uende polepole. Tulilijaribu uwanjani, tukiwa tumechora chaki kwenye matairi, nami nimesimama pembeni nikitazama ni chaki ipi inayoacha kuzunguka kwanza.

Likipakiwa mboga hesabu hubadilika, kwa hivyo siku hizi kabeji hupangwa kuanzia mbele. Na kutoka Kitale hadi Bungoma ni mteremko wa kama mita 500, nguvu ya kutosha kuchemsha lita 12 za maji. Mjomba hushuka kwa gia ndogo asizichome breki. Binamu hukaa kiti cha mbele, amefungwa mkanda. Mama yake bado anakwenda Bungoma kwa matatu.