KWETU JUA HALIZAMI BAHARINI

Mwalimu akitoa insha ya likizo, hesabu ni madaftari mangapi yatakayokuwa na sentensi hii: "Jua lilikuwa likizama baharini polepole." Sentensi ni tamu, lakini kwa mtoto wa Gongoni si kweli. Bahari yetu iko mashariki. Asubuhi jua huchomoza majini, na jioni huenda kuchwa bara, upande wa Marafa. Aliyekaa Forodhani, Unguja, huliona likiingia baharini kwa sababu Mji Mkongwe unatazama magharibi. Wa Dunga, Kisumu, naye huliona likizama ziwani. Sisi la! Familia inayotoka hapa hadi ufuoni Malindi ili kutazama machweo, ikikodolea macho mawimbi, inalipa jua mgongo.

Lugha yenyewe inatufundisha. Magharibi ni upande na ni wakati pia, wakati wa sala. Husema "usiku kucha" kwa sababu usiku huenda mpaka kukacha, na "mchana kutwa" kwa sababu mchana huenda mpaka jua kuchwa. Na kwa hesabu ya wazee wa Kiislamu, Alhamisi jua likishachwa, huo tayari ni usiku wa Ijumaa.

Saa nazo zijulikane. Mwezi wa Februari jua letu huchwa kama saa 12 na dakika 40 jioni. Novemba huwahi, kama saa 12 na dakika 10. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua hushuka wima. Likishagusa ardhi, dakika 2 tu limekwisha, na baada ya dakika 20 hivi giza limeingia. Anayefika saa 12 na nusu mwezi wa Novemba atakuta mbu. Wekundu nao una sababu: jioni mwanga hupita katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia, rangi ya buluu hutawanyika njiani, nyekundu ndiyo inayobaki.

Basi twende wapi na mama, shangazi na watoto? Karibu kabisa ni njia ya Ngomeni. Maji ya mabwawa ya chumvi hutulia kama kioo, na mbingu yote huonekana chini. Msiingie ndani bila ruhusa, ni mali ya kampuni. Tazameni mkiwa njiani. Uzuri huo una gharama yake, tusijifiche. Mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilitoa ripoti juu ya malalamiko ya watu wa Magarini kuhusu kampuni za chumvi, yakiwemo ya ardhi na ya mazingira. Kuna mzee anayetazama maji yale yale na kuliona shamba lake. Mkifika Ngomeni penyewe, geukeni kidogo mtazame baharini: mwanga wa mwisho hugonga majukwaa ya chuma ya Waitaliano, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970.

Mambrui kuna vilima vya mchanga. Ukipanda juu, bahari iko nyuma yako na bara lote liko mbele. Watoto hapo hawahitaji mchezo mwingine, ni kuteleza tu.

Mdomo wa mto Sabaki ni mzuri kwa wapenda ndege, ila mimi siwashauri wenye watoto wadogo kukawia. Viboko hutoka majini jioni kwenda kula nyasi, na kiboko hana mzaha.

Lakini nikiulizwa pa kwenda mara moja kwa mwaka, nitasema Marafa. Wageni wamepaita Jiko la Jehanamu. Wagiriama husema Nyari. Ni korongo kubwa lililochimbwa na mvua katika mchanga laini, na kuta zake zina tabaka nyeupe, za waridi, za machungwa na nyekundu. Mchana, jua likiwa utosini, rangi zile hufifia na joto hukausha koo. Kuanzia saa 11 mwanga huja kwa ubavu, kila tabaka likajitenga na mwenzake, na kuta zikawa kama makaa. Wazee husimulia kwamba hapo palikuwa na familia tajiri iliyooga maziwa huku majirani wakilala njaa, Mungu akawadidimiza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Hadithi hiyo itambwe pale pale ukingoni, watoto wakishikwa mikono, maana ukingo humomonyoka.

Taabu ya Marafa ni kurudi. Ukisubiri jua lichwe, matatu ni za kubahatisha. Afadhali nyumba mbili zichange, zikodi gari la kwenda na kurudi, na mwenye gari alipwe nusu tu mpaka awafikishe nyumbani.