Vitenzi-jina na Fanksheni: Kuhifadhi Tendo Bila Kulitenda

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana moja inayowatatiza wanaoanza kujifunza uandishi wa programu za kompyuta, yaani kuhifadhi fanksheni katika mkusanyo na kuziita baadaye, imo tayari katika sarufi ya Kiswahili. Fanksheni ni kifungu cha maelekezo kilichopewa jina. Kuiita ni kuiamuru itende.

Tuchukue mfano wa Kitui na Makueni, ambako mvua za Oktoba hadi Desemba hutegemewa zaidi kuliko zile za Machi hadi Mei. Mkulima wa ndengu hupanda zinapoanza, hupalilia Novemba na huvuna Januari. Tuseme twaandika, kwa lugha ya Python, programu ya kumpelekea ujumbe wa simu kwa wakati wake. Anayeanza ataandika mlolongo mrefu: ikiwa ni Oktoba fanya hivi, ikiwa ni Novemba fanya vile. Upo mtindo ulio bora:

kalenda = {"Oktoba": kupanda, "Novemba": kupalilia, "Januari": kuvuna}
kalenda[mwezi]("ndengu")

Mkusanyo wa aina hii huitwa, katika Python, kwa jina lenye maana ya kamusi, na mwanaleksikografia hana sababu ya kushangaa: miezi ni vidahizo, ila mbele ya kila kidahizo pamewekwa tendo badala ya fasili.

Tendo hilo limewekwaje bila kutendeka? Hapa sarufi yetu yatufaa. Katika sentensi "Kupanda kumechelewa Mwingi", kupanda ni kitenzi-jina cha ngeli ya KU. Kina upatanisho wake, huweza kuwa kiima au yambwa, huorodheshwa, wala hakuna mbegu inayoingia ardhini kwa kutajwa kwake. Kikamba nacho, katika kũvanda, kina ngeli hiyo hiyo. Mbegu huingia tusemapo "Panda ndengu!" Katika Python, mabano ya duara ndiyo yanayoleta amri, na ndengu iliyomo ndani yake ndiyo yambwa. Kwa sababu hiyo napendelea kuzipa fanksheni majina ya KU, tofauti na waandikao kwa Kiingereza, ambao kitenzi chao kitupu hakitofautiani na amri.

Wanafunzi wengi hukosea papa hapa: huandika kupanda("ndengu") ndani ya kamusi yenyewe, na kupalilia na kuvuna vivyo hivyo. Programu ikiwashwa Agosti, jumbe zote tatu zitamfikia mkulima wa Kyuso kwa mkupuo, vumbi lingali linatimka. Oktoba ikifika, kilichohifadhiwa si tendo tena bali matokeo yake, ambayo hapa ni utupu. Utupu hauitiki, programu itasimama siku ile hasa mkulima anapoihitaji.

Mkulima wa maembe huko Wote haandikiwi fanksheni mpya, kwani kuvuna("maembe") yatosha. Machi nayo ikihitaji kazi yake, huongezwa kidahizo kimoja, na mstari wa kuita haubadiliki. Mwezi usiomo katika kalenda sharti uwekewe tendo la akiba, mathalani kungoja, la sivyo programu itakwama.