Kizuri Chajiuza, Lakini Kipimwe Kwanza: Somo la Tangazo la Kuuza Mashua

 Darasani tumefundishwa tangazo la kazi, tangazo la mkutano na tangazo la mnada. Mwaka huu nimeonelea tujifunze tangazo ambalo halimo vitabuni mwetu ingawa limo mjini mwetu hapa Kilifi. Hili ni tangazo la kuuza mashua ya matanga iliyotumika, tena ile yenye injini ya mseto.

Ukisimama darajani ukatazama hori, utaziona mashua hizo zimetia nanga, milingoti yake mirefu kama minazi iliyokatwa makuti. Nyingi zimetoka nchi za mbali. Mwenye chombo huzeeka, huchoka au huitwa kwao, na chombo lazima kipate mwenyewe mpya. Mjomba wangu ni fundi wa vyombo hivyo. Mzee mmoja mgeni alimwomba amtafutie mnunuzi, na waliojitokeza ni manahodha vijana watano wa chama kimoja, wanaotaka kutembeza watalii. Pesa zao ni akiba ya miaka mingi ya kuvua. Mjomba akaniita, "Mpwa wangu, wewe ndiye wa Kiswahili. Niandikie tangazo ambalo mtu akishanunua hatarudi kunishika shati." Basi haya ndiyo niliyojifunza katika kuliandika.

1. Tuelewe kinachouzwa

Mwandishi hawezi kueleza asichokielewa. Mashua ya mseto ina nguvu za aina mbili mbali na upepo: mota ya umeme inayotumia betri, na injini ya dizeli. Wazo hili si la jana. Mnamo mwaka wa 1838, Moritz von Jacobi aliendesha mashua kwa umeme wa betri katika mto Neva, huko Urusi. Nyambizi nyingi za Vita vya Pili vya Dunia pia zilikwenda kwa betri chini ya maji na kwa dizeli zikiwa juu.

Mseto wenyewe ni wa namna mbili. Namna ya kwanza, dizeli ni jenereta tu: inatia umeme katika betri, na mota ya umeme peke yake ndiyo inayozungusha rafadha, yaani ile propela. Namna ya pili, dizeli na mota zote mbili zimeungwa na mtaimbo wa rafadha, kwa hivyo kila moja yaweza kuizungusha. Tofauti hii si ndogo ati! Katika namna ya kwanza mota ikiharibika, jenereta itanguruma hapo mpaka kesho na mashua haitasogea kwa nguvu yake. Kwa hivyo tangazo likisema "ina mseto" likanyamaza, halijasema kitu.

Kuna pia umeme wa bure. Sola hutia betri mchana. Isitoshe, mashua inapokwenda kwa tanga, maji huizungusha rafadha na mota ikageuka kuwa jenereta. Lakini tusitie chumvi: katika mwendo wa kawaida mara nyingi hupatikana wati mia chache tu, na mashua hupunguza mwendo kidogo.

2. Maneno ya tangazo yana uzito

Wengine hudhani kwamba katika biashara kila mtu husifu chake na mambo yakaishia hapo. La hasha! Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kilingane na maelezo hayo. Hii ni kusema kwamba ukiandika "betri ya lithiamu", na mnunuzi akanunua kwa neno lako, akakuta ni betri za risasi kama za matatu, ana haki ya kukudai.

Kuna na uzito mwingine usiokuwa wa mahakamani. Pikipiki ikizima, utaisukuma hadi kwa fundi. Mashua ikizima kwenye mlango wa mwamba, maji yanakupwa na kusi inavuma, walio ndani watasukuma nini? Kwa hivyo mwandishi wa tangazo hili anaandika juu ya roho za watu.

3. Tangazo la kuepuka

Hebu tuangalie mfano huu:

"INAUZWA! Mashua safi sana ya kizungu. Injini ya kisasa ya mseto, haili mafuta. Betri bado nzuri, zinasoma volti 52. Inakwenda mbali. Wahi kabla haijachukuliwa!"

Linavutia, si ndiyo? Sasa tulipekue. "Safi sana" ni sifa isiyo na kipimo. "Haili mafuta" ni uongo, kwa sababu jenereta ni ya dizeli. "Inakwenda mbali" ni mbali wapi, Takaungu au Ushelisheli? Na neno linalodanganya kupita yote ni lile la volti 52, kwa kuwa ni la kweli! Betri za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma hukaa karibu volti zile zile tangu zikijaa mpaka zikaribie kwisha, ziwe mpya au zimechoka. Volti hazisemi betri imebakiza uwezo gani, kama vile urefu wa mtungi usivyosema ndani mna maji kiasi gani. Huku ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

4. Kipimo kinachofaa

Betri hupimwa kwa kufanyishwa kazi. Chombo cha mzee yule kiliwekwa betri mwaka wa 2017, zenye uwezo wa kilowati-saa 10 zikiwa mpya. Ili zidumu, hutumiwa sehemu nne kwa tano tu, yaani kilowati-saa 8. Hesabu ni nyepesi: mota ikila kilowati 2, betri mpya itafika saa 4. Kwa mwendo wa maili 4 za baharini kwa saa, hizo ni maili 16.

Nahodha akitaka kukimbia maili 6 kwa saa, mota hula karibu kilowati 8, na betri ile ile huisha kwa saa moja tu. Ameongeza mwendo kwa nusu, matumizi yakawa mara nne, na hafiki hata nusu ya safari ile. Haraka haraka haina baraka, na katika mashua ya umeme methali hii ni hesabu kabisa.

Mjomba alijaza betri usiku kucha. Asubuhi tukazunguka ndani ya hori bila tanga, bila sola wala jenereta, kilowati 2 daima, nami nimeshika saa na daftari. Kengele ya onyo ililia baada ya saa mbili na dakika ishirini. Ukizidisha, ni kama kilowati-saa 4.7 badala ya 8. Betri zilikuwa zimebakiza zaidi kidogo ya nusu ya nguvu zake.

Mzee alinyamaza kitambo, kwa sababu alijua bei itashuka. Kisha akamwambia Mjomba, "Andika hivyo hivyo."

5. Tangazo lenyewe

Hili ndilo nililoandika:

"INAUZWA: Mashua ya matanga ya safari, urefu mita 10, mwili wa fibaglasi, iliundwa 1986. Mlingoti mmoja. Tanga kuu ni la 2015, limeshonwa mara mbili. Tanga la mbele ni la 2019, zima.

Mseto: mota ya umeme ndiyo pekee inayozungusha rafadha. Jenereta ya dizeli hutia betri tu. Mota ikiharibika, kuna tanga na nanga.

Betri: lithiamu, za 2017, kilowati-saa 10 zilipokuwa mpya. Zimepimwa majini mwaka huu: kwa kilowati 2, saa 2 na dakika 20, kama maili 9 za baharini. Mnunuzi ajue atahitaji betri mpya.

Kasoro nyingine: usukani una mchezo kidogo; sola moja kati ya tatu haifanyi kazi.

Hati: zipo. Chombo kiliingia nchini kwa muda, kwa hivyo kodi ya forodha haijalipwa na haimo katika bei. Mnunuzi anakaribishwa kuja na fundi wake, kukipandisha ufuoni na kukijaribu majini kabla ya kulipa."

Tazameni jinsi lilivyopangwa. Kila sifa ina mwaka au kipimo. Kasoro zimetajwa na mwenyewe kabla hazijagunduliwa na mgeni. Na hati zimeelezwa, jambo ambalo wengi hulisahau. Kwa desturi ya sheria ya Uingereza, umiliki wa meli iliyoandikishwa hugawanywa hisa 64, na zaweza kuwa za watu mbalimbali. Kwa hivyo mnunuzi ahakikishe anayeuza anazo zote, asije akanunua omo, na shetri ikawa ya mtu mwingine!

Huenda mtauliza, tangazo kama hili si litamfukuza mnunuzi? Halikuwafukuza wale vijana. Walikuja na fundi wao, wakarudia jaribio, dakika zikalingana. Wakatoa gharama ya betri mpya katika bei, wakajadiliana jioni mbili, wakakubaliana. Sasa wanakwenda kwa tanga, mota wanaitumia kutoka na kuingia horini tu, na kila mwezi wanaweka akiba ya betri. Kama wangeliamini zile volti 52, siku ya kwanza ya kupeleka wageni mbali wangelijikuta wanapiga makasia.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi naongeza kwamba hata kilichochoka chaweza kuuzwa kwa heshima, mradi kiuzwe kwa jina lake.

Zoezi

(a) Taja tofauti kati ya namna mbili za injini ya mseto.
(b) Betri ina kilowati-saa 6 zinazoweza kutumika. Mota inakula kilowati 2 kwa mwendo wa maili 4 kwa saa. Itafika maili ngapi? (Jibu: 12.)
(c) Chagua kitu kimoja kilichotumika nyumbani kwenu: baiskeli, cherehani au redio. Kiandikie tangazo lisilo na neno "nzuri", "safi" wala "kali". Badala ya kila sifa, weka kipimo.

Kwa hayo machache, nawatakia upepo mwema.