Mvua, Ukame na Usalama wa Maji ya Kunywa

Kipindupindu husababishwa na bakteria wanaotoka katika kinyesi cha mgonjwa na kuingia mwilini kwa maji au chakula. Mabadiliko ya tabianchi huwapanulia njia. Mvua kubwa hufurisha vyoo na kusomba uchafu hadi visimani. Baada ya mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023, Mkoa wa Simiyu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata ugonjwa huo. Ukame nao huwakusanya watu na mifugo kwenye lambo moja.

Mtumiaji wa Ngulyati anayenunua maji kwa dumu azingatie haya:

1. Muulize muuzaji maji yametekwa wapi. Maji maangavu si lazima yawe salama.

2. Yachemshe hadi yatokote kwa dakika moja au zaidi, kisha yahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko.

3. Ununuapo vidonge vya kutibu maji, kagua tarehe ya mwisho wa matumizi na kiasi cha maji kinachotibiwa na kidonge kimoja. Maji yenye tope yachujwe kwanza.

4. Mtu akiharisha majimaji yanayofanana na maji ya mchele, mpeni ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, huku mkimwahisha kituo cha afya. Msitegemee antibiotiki za dukani: kinachoua upesi ni upungufu wa maji mwilini.

Kujua chanzo cha maji unayoyanunua ni haki yako. Kuyatibu kabla ya kuyanywa ni wajibu wako.